Seva Ndani ya Kabati la Vioo

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mke wangu husema hasira yangu inakaa mlangoni, haina haja ya kuitwa. Nakiri mapema kwa sababu habari hii haieleweki bila hiyo, na kwa sababu watu wengi wananidhania mtulivu. Wakimwona mtu amekaa mbele ya skrini saa nne mfululizo bila kusema neno, wanadhani ana subira. Kumbe anaitukana ile mashine kimoyomoyo.

Wakati huo nilikuwa fundi pekee wa kompyuta katika hospitali moja hapa Kalemie, kando ya ziwa. Hospitali yote ilikuwa imebebwa na kompyuta nne kuukuu: ya mapokezi yenye fishi, yaani kadi za wagonjwa, ya famasi, ya maabara, na ya maternite, ambako watoto wanaozaliwa huandikwa. Kila moja ilikuwa na ugonjwa wake. Ya famasi haikuwaka mpaka uipige kofi ubavuni. Ya maabara ilikuwa na feni ya kelele, mgeni akipita nje anadhani kuna watu wanasaga mahindi. Ikifa moja, idara yake inasimama, nami naitwa mbio kama mkunga.

Dawa niliijua siku nyingi. Unatafuta seva moja yenye nguvu, unaiwekea programu ya kuigawa, kisha ndani yake unaumba mashine ambazo hazina bati wala waya. Wenye fani huziita mashine pepe. Seva inagawa akili yake na kumbukumbu yake mafungu mafungu, na kila fungu linajiona kuwa ni kompyuta kamili. Ni kama nyumba yenye wapangaji wanne, kila mmoja ana mlango wake na hajui mwenzake anapika nini. Idara zote zinafanya kazi zao humo, kwa waya unaopita ukutani. Wakubwa wa mbali huweka vitu vyao kwenye wingu la watu wengine, huko ng'ambo. Sisi mtandao wetu unashuka kwa sahani ya juu ya paa, mvua ikija unaondoka, tena siri za wagonjwa si za kupeleka kwa usiyemjua. Kwa hiyo tungekuwa na wingu letu wenyewe, hapa hapa, chini ya bati letu.

Nilipowaeleza hivyo wakuu wa idara, mkuu wa famasi aliinua kidole.

"Wingu tena, Papa? Haya ya pale ziwani hayatoshi?"

Walicheka sana. Mimi sikucheka. Niliwajibu kwamba baada ya mwezi mmoja wataisahau habari ya kompyuta kufa. Nilisema hivyo, kwa kinywa changu, mbele ya daktari mkuu. "Hii haitakufa."

Seva ilitoka Dar es Salaam, imetumika lakini ni nzima, ikaja kwa treni mpaka Kigoma na kwa boti mpaka bandarini kwetu. Nilikwenda kuipokea mwenyewe. Nikaipakata kwenye pikipiki mpaka hospitali, nzito kama gunia la muhogo, na kila shimo la barabara nililitukana kwa jina lake.

Wiki mbili zilizofuata nilikuwa mtu mwenye furaha, ingawa usingeiona usoni. Siku ya kwanza nzima seva ilikataa kubeba mashine hata moja. Nilibadili kila kitu, nikafungua bati, nikafunga bati, nikaacha kula. Jioni nikakuta mstari mmoja ndani ya mipangilio yake ya kuwakia, mstari wa ruhusa ya kujigawa, umezimwa. Nikauwasha, ikakubali. Diski zake nane nikazipanga mbili mbili, kila kinachoandikwa kwenye moja kiandikwe na kwa mwenzake, ili moja ikifa isizikwe na mali. Kisha nikaanza kuhamisha zile kompyuta kuukuu: unachukua nakala ya diski yote ya zamani, unaimimina ndani ya fungu lake jipya, unaiwasha, unaomba Mungu.

Ya kwanza ilikuwa ya famasi. Nilibonyeza, nikasubiri, na kwenye dirisha dogo la skrini yangu ikatokea kompyuta ileile, na vitu vyake vilevile, mpaka picha ya mkuu wa famasi siku ya arusi yake, mwembamba kama ufito. Kompyuta yenyewe ilikuwa imezimwa sakafuni, nimeipa mgongo. Nilipiga makofi peke yangu chumbani. Nasema kweli, sijapata siku nyingi kama ile katika kazi hii.

Chumba nilichopewa kilikuwa cha kupigia pasi mashuka zamani. Bati lake halikuwa na dari, na dirisha lake lilitazama milimani, upande jua linakoshukia. Kulikuwa na mashine ya kupoza hewa, lakini ilifanya kazi pale tu umeme wa mjini ulipokuwepo. Ukikatika, sahani za jua na betri zilibeba seva na kompyuta za idara, basi.

Nami nikaitengenezea seva kabati. Nililichora mwenyewe, seremala akalikata kwa mbao nzuri nyekundu, likawa na kufuli, na milango yake miwili nikataka iwe ya vioo. Sababu niliyotoa ni vumbi na wezi. Sababu ya kweli ni kwamba seva ile ilikuwa na taa ndogo za kijani zinazochezacheza, na nilitaka watu wazione. Wageni walikuja, wakasimama mbele ya kioo, wakasema "eeh!", nami nikajifanya nina haraka. Juu ya kabati nikabandika karatasi ya herufi kubwa: USIGUSE WAYA HATA MMOJA.

Mwenye kufagia chumba kile alikuwa mama mmoja mwenye miaka hamsini hivi, mtu wa upande wa Fizi, aliyeshuka huku na ukoo wake wa wavuvi. Alikifagia tangu enzi za pasi. Aliimba kwaya kanisani kwake na aliimba akifagia, kwa sauti ya chini. Alikuwa na desturi ya kugonga mlango hata kama anajua chumba hakina mtu, ndipo aingie. Mimi nilimwambia jambo moja tu, nikamwonyesha na ile karatasi: asiguse waya.

"Nimesikia, Papa. Sitagusa."

Sasa, kuna mambo ambayo hapa kwetu hayafundishwi, mtu anakua nayo. Radi ikianza kunguruma juu ya ziwa, kila nyumba inajua kazi yake. Waya zinachomolewa. Aliyevaa nguo nyekundu anaivua. Na chochote kinachong'aa kinafunikwa kitenge, kioo cha ukutani kwanza, kwa sababu kioo kinaita radi. Mama yangu mzazi alifunika hata sufuria mpya. Mimi nimesoma Lubumbashi, naweza kukueleza radi ni nini kwa namba, na bado nyumbani kwangu ikinguruma mke wangu anafunika kioo nami nanyamaza.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, mwezi wa mvua nyingi. Asubuhi yote ilikuwa na joto zito, umeme wa mjini haukuwepo. Mchana nilishuka bandarini kupokea betri mpya. Hospitali ina mapumziko kuanzia saa saba na nusu mpaka saa tisa, ofisi zote zinafungwa, na ndio wakati mama wa usafi huzipitia. Nikiwa bado bandarini mawingu yakakusanyika, radi ikaanza, mvua ikamwagika. Saa tisa na dakika chache simu ikalia. Ilikuwa mapokezi.

"Papa, tumerudi, tunakuta vyote vimezima. Famasi, labo, vyote."

Nilipanda pikipiki ndani ya mvua. Nilipofika nilikuwa nimelowa mpaka soksi, na foleni ya famasi ilikuwa imefika nje barazani, watu wamejibanza wasilowe. Wote walinitazama. Nikaingia kwenye korido, nikafungua chumba, nikakuta kabati langu lote limefunikwa kitenge, kutoka juu mpaka chini, kimechomekwa pembeni vizuri kama shuka la kitanda. Nikakivuta. Nikafungua milango ya vioo, joto likanipiga usoni kama nimefungua tanuri la mikate. Seva ilikuwa kimya, hakuna taa hata moja.

Mama alikuwa nyuma yangu na ufagio wake.

"Nani amefunika hii?"

"Ni mimi, Papa, njo mimi. Radi ilianza kupiga. Ulikataza kugusa waya, sikugusa hata moja. Nilifunika vioo tu."

"Umeiua! Umeiziba pumzi! Unajua hii ni nini? Hospitali yote iko humu ndani!"

"Papa, nilikuta imeshanyamaza. Mbele nifunike, ilikuwa imeshanyamaza."

"Usinidanganye!"

Wauguzi wawili na foleni yote ya famasi walisikia. Mimi pia nilisikia, nataka hilo lijulikane. Siwezi kusema kwamba maneno yake yalipotea kwenye mvua. Yaliingia masikioni mwangu yote, nikayaita uongo, kwa sababu mtu aliyekosa lazima aseme kitu.

Nililetewa feni ya wodini, nikaipoza seva kwa nusu saa, nikaiwasha. Mashine tatu ziliamka kama zimelala tu. Ya maternite haikuamka. Nikarudisha nakala ya Jumapili, na watoto wote waliozaliwa kati ya Jumapili na Jumatano wakawa hawajazaliwa. Wakunga walikaa siku nzima wakiwaandika upya kutoka kwenye daftari lao la mkono, na kila mmoja aliyeingia chumbani mwao alisikia wanavyonifikiria.

Kesho yake asubuhi, kama kawaida yetu, tulisimama uani kabla ya kazi. Tunaomba, yanatolewa matangazo, kila mtu anakwenda kwake. Daktari mkuu aliniita mbele nieleze yaliyotokea. Nilieleza kwa kifupi, na kwa ufasaha, nadhani. Nilisema mashine ilifunikwa kitambaa, ikakosa hewa, ikazima. Nilisema aliyefunika ni mama wa usafi, kwa sababu ya imani za radi. Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Tunataka maendeleo na bado tuko na mambo ya vitenge!" Kicheko kikapita. Mama alifungua mdomo, lakini daktari mkuu alimwahi.

"Mama, nenda nyumbani kwanza. Tutakuita."

Alivua aproni yake ya bluu, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye benchi, akatoka getini. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria mambo ya betri.

Mvua ikanyesha siku tatu. Hewa ikapoa, seva ikanguruma bila shida, nami nikaona ushahidi umetimia wenyewe: Mama hayupo, mashine ni nzima. Nilimwambia hivyo hata mke wangu. Yeye akauliza kitenge kilikuwa cha nani, sasa kiko wapi. Nikamwambia sijui, yalinikera maswali ya namna ile.

Daktari mkuu alitaka ripoti iliyoandikwa, Jumatatu, ili lile jambo la Mama limalizwe. Kumaliza maana yake ni kumwachisha kazi. Jumamosi mchana nikakaa kuandika, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kazi safi nikafungua kumbukumbu za seva yenyewe, ambako inaandika kila kinachoipata, saa kwa saa. Nilitaka tu kuchukua dakika kamili ya kuzima, ripoti ipendeze.

Seva ilijizima yenyewe saa nane na dakika saba. Sababu iliyoandikwa: joto limepita kiwango.

Nilisoma mstari ule nikayakumbuka maneno ya Mama, kwamba alikuta imeshanyamaza. Nikaenda kwa mlinzi. Funguo zote za hospitali zinakaa kwake, na kila anayechukua anaandikwa daftarini na saa yake. Mama alichukua ufunguo wa chumba changu saa nane na nusu.

Nikaanza kujitetea mbele yangu mwenyewe. Labda saa ya seva si sahihi. Seva imetoka Tanzania, na Kigoma wako mbele yetu kwa saa moja. Nikashika tumaini hilo kama dakika tano, mpaka nikapiga hesabu: kama ile ilikuwa saa ya Kigoma, basi kwetu ilikuwa saa saba na dakika saba, na Mama ana haki zaidi. Nikaikagua saa. Ilikuwa ya Kalemie, sawasawa, niliiweka mwenyewe.

Nikarudi nyuma kwenye kumbukumbu. Kwa siku tisa kabla ya Jumatano ile, kila siku isiyo na umeme wa mjini, jua likishafika dirishani, seva ilikuwa inalia. Iliandika: joto linapanda. Iliandika tena: feni zimefika mwisho wa nguvu. Kila mara ilituma barua ya onyo, na barua zote zilikuwa zinakwenda kwenye anwani ya mfano ambayo kiwanda huiweka ili wewe uibadilishe. Sikubadilisha. Seva ya namna ile inavuta hewa mbele na kuitoa moto nyuma. Mbele niliiwekea kioo, nyuma niliisukuma mpaka ukutani. Kitenge kilikuja kufunika kitu ambacho mimi nilikuwa nimeshakimaliza.

Katika hospitali ile hakuna mtu mwingine aliyeweza kusoma kumbukumbu zile. Hakuna hata aliyejua kwamba zipo. Nililifikiria hilo kwa muda mrefu, na sitajifanya mtakatifu. Nilikuwa nimewaambia haitakufa. Nilikuwa na jina. Mama naye alikuwa ameshaondoka, watu wameshacheka, jambo limeshapoa.

Nikaandika ripoti. Ilikuwa nzuri na haikuwa na uongo hata mmoja. Ilisema siku ya tukio joto lilizidi. Ilisema kabati lilikutwa limefunikwa kitambaa. Ilishauri kabati liwe na matundu zaidi na wafanyakazi wafundishwe. Kila sentensi ungeweza kuiapia. Kilichokosekana ni saa mbili tu, saa nane na dakika saba na saa nane na nusu. Sijawahi kuandika kitu kichafu kuliko karatasi ile.

Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa reli. Behewa likianguka huko njiani kuelekea Niemba, wakubwa waliulizana siku mbili tatu, na mwishoni aliyefukuzwa ni mtu wa kushika bendera. Baba alirudi nyumbani akatuambia mezani, "Kosa la mkubwa linashuka ngazi, mpaka limpate yule hana wa kumshushia." Alikuwa akisema hivyo kwa uchungu, kwa sababu na yeye alikuwa mtu wa ngazi za chini. Sikuwahi kufikiria kwamba mwanawe atafika juu ya ngazi, na kwamba nikifika nitafanya vilevile, tena haraka kuliko wao. Wao angalau waliulizana siku mbili.

Niliona aibu. Si aibu ya kukosea hesabu ya hewa, hiyo kila fundi anayo yake. Niliona aibu kwamba mtu aliniambia ukweli usoni, kwa maneno machache, na nikaukataa kwa sababu umetoka kwa mwenye ufagio.

Jumatatu asubuhi mapema nikaingia kwa daktari mkuu. Ripoti niliyompa ilikuwa nyingine, yenye saa zote mbili. Aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Papa, wewe njo ulisema ni Mama. Leo unageuza?"

"Ninageuza, Dokta. Nilisema bila kuangalia."

Akasema atamwita Mama arudi kazini, kimyakimya, aproni yake ipo. Lakini kusema tena mbele ya watu, hapana. Kuna wageni wanakuja kuitazama mashine ile, wafadhili. Watasikia nini? Kwamba fundi wetu hajui joto?

Nikafurahi. Nasema nilivyohisi: nilifurahi. Nimesema ukweli, na hakuna wa kuusikia. Nikajitolea kwenda kumwambia Mama mwenyewe, nikajiona mtu mwema sana.

Anakaa ng'ambo ya mto Lukuga. Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameinama, anaanika ndagala juu ya wavu. Alinipa kiti cha mbao, akaendelea na samaki wake. Nikamweleza yote: saa, ufunguo, kabati, ukuta. Nikamwambia alisema kweli. Nikamwambia arudi kesho. Nikasema, "Mama, pole sana. Unisamehe."

Hakuinua kichwa.

"Kwaya wameniambia nipumzike kwanza," alisema. "Unajua juu ya nini? Wanaulizana kile kitenge kilikuwa na nini. Wanasema muntu hawezi kuzimisha mashini ya hospitali na kitenge tupu. Ati nimeweka dawa ya uchawi."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Mimi nilihesabu kazi yake. Jina lake sikulihesabu.

"Wananiachia benchi nzima peke yangu, Papa. Mutoto wa jirani akiugua, mimi sitaenda tena kumuangalia. Naogopa."

"Mama, nimekuja kuomba pole."

Hapo ndipo aliponyooka, akajifuta mikono.

"Ulinisemea mule hospitali, mbele ya watu wote. Sasa pole unaniletea huku nyuma ya nyumba, penye iko samaki tu? Pole ya namna gani ile? Pale ulisemea, palepale njo usemee."

"Daktari mkuu amekataza."

"Daktari njo alinitukana?"

Niliondoka nimepandwa na hasira. Kwenye pikipiki ya kukodi nilikuwa nikiongea peke yangu: nimeacha kazi zangu, nimevuka mto, nimeomba msamaha kama mtoto, na bado anachagua mahali! Dereva akaniuliza kama nazungumza naye. Tulipovuka daraja hasira ikaanza kuniishia, na ilipoisha sikuwa na kitu kingine cha kushika. Alikuwa sahihi. Maneno yangu yalitoka uani yakatembea kwa miguu yao mpaka kanisani kwake. Pole yangu nilitaka ibaki nyuma ya nyumba, imekaa.

Kesho yake Jumanne tulisimama uani. Tukaomba. Matangazo yakatolewa: chanjo, zamu, maji ya kisima. Mama alikuwa amekuja, lakini hakuvaa aproni. Alisimama karibu na geti kwa nguo zake za nyumbani, mkoba mkononi, kama mtu anayepita. Watu walimwachia nafasi pande zote, nikaiona nafasi hiyo kwa macho yangu, hatua mbili kila upande.

Daktari mkuu alikuwa anafunga. Nikainua mkono. Alinitazama, akajua, akatikisa kichwa kidogo. Nikatoka mbele hivyohivyo.

Nilisema nikitazama chini. Nilisema seva ilizima saa nane na dakika saba, na Mama alichukua ufunguo saa nane na nusu, na daftari la mlinzi lipo. Nilisema kabati la vioo ni mimi niliyelichora, na ukutani ni mimi niliyeisukuma, na maonyo ya siku tisa ni mimi ambaye sikuyasoma. Kitenge kilikuwa kitenge tu. Mama aliniambia ukweli nikamwita mwongo. Ilichukua dakika moja hivi. Sauti yangu ilikuwa ndogo, najua, kwa sababu niliisikia ikiishia karibu na viatu vyangu.

Hakuna aliyecheka safari hii. Mkuu wa famasi alikohoa. Nikageuka nirudi kwenye mstari, nikiwa nimeshaanza kujisikia mwepesi.

"Papa."

Ilikuwa sauti yake, kutoka getini, ile ya kwaya, inayofika mbali bila kupazwa. Watu wote waligeuka.

"Rudilia, Papa. Wale wa nyuma hawakusikia."

Nikatazama. Wa nyuma walikuwa wamesikia, nadhani. Lakini nyuma yao, nje ya geti, wagonjwa walikuwa wameanza kujipanga, na kati yao walikuwepo wanawake wawili wenye vitambaa vya kwaya kichwani. Sijui kama walikuja kwa ugonjwa au waliitwa.

Nikarudi mbele. Nikainua uso, nikaanza tena, tangu saa nane na dakika saba, kwa sauti ya kufika barabarani.